Sweta la Rangi ya Damu ya Mzee

Mimi nafuma kwa kukaza. Sikulijua hilo mpaka nilipohamia Kampala, kwa sababu mama aliyenifundisha kwetu Kenya alikaza vilevile, na wakazaji wawili hawana cha kuambiana. Aliyeniambia alikuwa jirani yangu wa chumba cha pili kule Kalerwe, Muganda, mjane mwenye binti mmoja. Siku hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni, mume wangu ameshaondoka na sanduku lake bila kusema atarudi lini, nami nafuma kwa kuwa nikiacha nitalia. Yule mama akaja, akaichukua kazi mikononi mwangu bila hodi, akaivuta huku na huku. Haikuvutika.

"Nani nakufukuza?" akaniuliza.

Nilimchukia papo hapo. Jioni akaniletea matoke na mchuzi wa karanga, nikala sahani nzima, chuki ikanitoka. Tangu hapo sikufuma peke yangu.

Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na uzi mpya ulikuwa anasa. Tulinunua masweta ya mitumba, yale makubwa yaliyotoboka viwiko, tukayafumua, tukaufua uzi na kuuning'iniza na jiwe ili unyooke, kisha tukafuma masweta ya watoto wa shule. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli tulizozichonga ncha kwa kusugua sakafuni. Baadaye alijiunga nasi Mkongo mmoja aliyeuza samaki wakavu sokoni, mwanamke mpole mwenye mwili mkubwa, aliyekuwa akifuma huku macho yake yako kwingine. Tulikaa barazani kwa yule mjane, na lugha yetu ikawa Kiswahili kwa kuwa hatukuwa na nyingine ya kutukutanisha. Mjane alisema yeye alikijua Kiswahili cha vizuizi vya barabarani, cha askari wanaokuamuru ushuke. Kabla yetu hakuwahi kusikia mtu akicheka kwa Kiswahili.

Tulikuwa na sharti moja. Kipande alichoanza mmoja hakishikwi na mwingine. Wakati fulani nilimmalizia Mkongo sweta alipokwenda msibani, na mteja akalirudisha akisema nusu yake imevimba na nusu imebanwa. Kila mtu ana mkono wake. Wangu ulikaza, wa mjane ulilegea kiasi kwamba sweta lake ulilivaa ukasahau umelivaa. Kwa hiyo tukaapa, kila mtu na chake hadi mwisho.

Kisha mjane akaanza kukohoa.

Sina haja ya kueleza sana. Waliokuwa Kampala miaka ile wanajua, na ugonjwa wenyewe mjini uliitwa silimu, kutoka "slim" ya Kiingereza, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Mume wake alikuwa ameondoka kwa ugonjwa huohuo, ingawa barazani tulikubaliana kusema ni kifua. Mabega yake yakachomoza. Majirani waliokuwa wakimiminika kwake asubuhi kunywa chai wakapata shughuli kwingine. Mama mmoja akaja kuagiza sweta la mwanawe, akaninong'oneza nihakikishe uzi haupiti kwa mgonjwa. Nilimwambia aende akamvishe mwanawe gunia. Mjane aliniangalia, akasema, "Nnyabo, hiyo ni kasitoma," akacheka hadi kikohozi kikamkatiza.

Nilikuwa nimeshaachwa mara moja mjini humo, na sikuwa tayari kuachwa tena. Nilimtafutia mizizi, majani, maombi ya kila dhehebu. Niligombana na Mungu kwa sauti nikifua nguo zake. Usiku nilisikiliza ukutani kama anakohoa, na nilipomsikia nilishukuru, maana anayekohoa yupo. Ndivyo akili yangu ilivyokuwa imefika.

Katikati ya hayo, binti yake akapata nafasi katika shule ya bweni, mbali, kwenye baridi. Sweta la shule lilikuwa la rangi ya damu ya mzee. Mjane alikataa msaada wetu. Alitafuta mtumba wa rangi hiyo mpaka akaupata, akaufumua mwenyewe, akaanza mgongo na kifua kwa pamoja, mistari kadhaa huku, mistari kadhaa kule, ili vipande vyote viende sawa. Alisema binti atakwenda na mkono wa mama yake mgongoni, na hatakwenda na kitu kingine kwa kuwa kitu kingine hakipo. Vipande vilipofika usawa wa kiuno, tukampeleka hospitali ya Mulago.

Kila siku nilikwenda na uji, na kila siku nikambebea ile kazi ndani ya mfuko. Nilimwegemeza kwenye mto, nikamvisha uzi kidoleni. Alikuwa akifuma vitanzi viwili, vitatu, halafu spoku zinamlalia tumboni. Mkongo alikuwa akitazama haya yote huku akimkanda miguu.

"Dada," akaniambia siku moja tuko nje tunaanika shuka kwenye nyasi, "shule iko karibu kufunguka. Tumusaidie tu. Mama anachoka."

"Na sharti letu?"

"Sharti iko ya sweta ya watu. Hii iko ya mutoto."

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia kwamba yeye ndiye anayemzika mtu akiwa hai. Aliendelea kutandaza shuka, akinyoosha pembe moja baada ya nyingine. Nilijua vizuri nilichokuwa nakilinda. Nikishika zile sindano, nitakuwa nimesema kwa mikono yangu kwamba yeye hatazishika tena.

Mwishowe alisema mwenyewe. Aliusukuma mfuko upande wangu kwa mgongo wa kiganja.

"Maliza wewe."

"Utamaliza ukipata nafuu."

"Mama Kenya, mimi si mutoto." Akapumzika. "Maliza. Lakini si na mukono ya kwako. Mukono ya kwangu."

Nikakaa pale kando ya kitanda, nikajaribu kufuma kwa mkono wa mtu mwingine. Hebu jaribu kutembea kama jirani yako kwa muda mrefu, uone. Kila nilipolegeza, uzi ulinitoroka. Kila nilipoukamata, nilikaza. Alikuwa akinitazama kwa jicho moja, lingine limefumba, na nilipokaza, midomo yake iliyopasuka ilijikunja, na nilijua anachotaka kusema hata kabla hajasema. Kwa mistari michache nilifaulu. Nilimwonyesha, akapapasa, akasema, "Kale," yaani sawa. Nilifurahi vibaya sana, furaha ya mtu anayedhani amepewa muda.

Alifariki kabla sweta halijafika makwapa. Tulimpeleka kwao kijijini, tukamzika kwenye migomba, tukarudi. Mkongo hakunikumbusha maneno yangu ya kule kwenye nyasi. Alinipikia, akanishikia uzi, akaniamsha nilipolala na kazi kifuani. Mwana alipaswa kwenda shule, nami nilifuma kama mtu anayekimbizwa. Nilipolikunjua tuliona sote watatu: chini laini, pana, kisha mstari mahali ambapo mkono ulibadilika, na juu pamebanwa na kusimama kama kadibodi. Binti alilivaa. Akapanda gari la shule, nikabaki stendi nikiuchukia mkono wangu.

Aliporudi likizo moja, ameshakuwa mrefu, mikono ya sweta inaishia katikati ya kigasha. Kwetu sweta likiwa dogo halitupwi. Tukakaa kwenye baraza ileile, ambayo sasa ilikuwa ya mpangaji mwingine aliyetuvumilia, nikafungua fundo la shingoni na kuanza kufumua. Kazi hufumuliwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa hiyo yangu ndiyo iliyotangulia kutoka. Ilitoka kwa shida, kwa kukwaruza. Ghafla uzi ukaanza kuteleza, ukaja wenyewe. Nikasimama.

"Mbona umeacha, mama?" binti akauliza. "Fumua yote."

"Kuanzia hapa ni mama yako."

Alisogea akatazama. Akaingiza kidole kwenye kitanzi kimoja, kikapita bila kugusa pembeni. Mkongo akaacha kufuma, na safari hii macho yake yalikuwa pale pale.

Nikavipandisha vile vitanzi kwenye spoku kimoja kimoja, pumzi nimeibana. Sikutaka kuendelea mimi, nisije nikamfungia mama yake tena chini ya ukuta wangu. Nikampa binti sindano. Moyoni nilikuwa nimeshajiahidi kwamba atakuwa ameurithi mkono wa mama yake, kwamba nitauona pale unarudi.

Alifuma mstari mmoja. Alikaza kuliko mimi. Spoku zilikuwa zikilia.

"Nani nakufukuza?" nikajisikia nikimuuliza.

Hakuinua uso. Akavuta uzi, akauzungusha kidoleni mara ya pili, akaendelea kukaza.