Kamera kwenye Paji la Uso

Tii. Mlio mdogo, kama wa kifaranga aliyefunikwa na bakuli, ndio Selina aliousikia juu ya paji la uso wake asubuhi ile alipoanza kupanda kilima cha mawe kule Misungwi. Maana yake kamera ilikuwa imeanza kurekodi.

Selina ni fundi cherehani wa Igoma, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, anayepima kiuno cha mteja kwa macho na asikosee. Kamera hiyo, ndogo kuliko kipande cha sabuni, aliiazima kwa jirani yake Abubakary, mpiga picha za harusi.

"Usiitoe kwenye kikasha chake cha plastiki angavu, dada," Abubakary alimwonya akimfunga kichwani kwa mkanda wa mpira. "Vumbi likiingia, mimi na wewe hatusalimiani tena."

Safari yenyewe ilikuwa kwa ajili ya mama yake, Tereza. Mama alivunjika nyonga mwaka jana, akatolewa kwake Misungwi na kuletwa Igoma kukaa kwa binti yake, na tangu hapo kila jioni alisema neno lilelile: "Kule wameshanisahau." Selina akaahidi kumletea kilima chake pamoja na nyuso za watu wake.

Alipanda na rafiki yake Winnie. Kila walipokutana na mzee, Selina alipiga magoti, akainamisha kichwa, akaamkia kama alivyolelewa. Mzee Shigela na mbuzi wake. Mzee Luhende akipalilia mihogo. Bibi Dorotea na kuni zake.

"Mwenzangu, leo hata kamera imefundwa adabu," Winnie alimtania.

Selina alicheka tu, hakuelewa. Kileleni walikula viazi vya kuchemsha, ghuba ya ziwa ikimetameta upande wa Kigongo, naye akageuza kichwa polepole, kulia, kushoto, kama feni.

Jioni Abubakary akaja kuunganisha kamera na televisheni. Yakatokea mawe, anga, njia. Kisha miguu. Miguu tena. Hakukuwa na uso hata mmoja, na kwa sababu ya kile kikasha, sauti zilinguruma kama za watu wanaoongea ndani ya mtungi.

Selina alijishika kichwa. "Mama, nisamehe. Nitarudi Jumapili."

Mama hakumsikiliza. "Simamisha hapo. Huyo Shigela. Hizo katambuga za tairi anazivaa mpaka kanisani."

Ikaja miguu mingine.

"Luhende. Hicho kidole alijikata kwa jembe shambani kwangu, macho yakiwa kwa wasichana wanaopita."

Abubakary alicheka mpaka rimoti ikamponyoka.

"Na huyo Dorotea. Tazama visigino, unaweza kupanda mtama humo. Mafuta nilimpa mwenyewe, hapaki."

Waliirudia mara nne. Mara ya nne mama hakutania tena. Aliunyoosha mkongojo wake kuelekea kwenye kioo, kwenye ile miguu ya Dorotea iliyosimama muda mrefu bila kuondoka.

"Hapa alikuwa anasema nini?"

Selina alimsogelea mpaka mabega yao yakagusana.

"Alikuwa anakuulizia, mama," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Wote walikuulizia. Hata kabla ya kuniitikia."