Anti Wailani na Mifupa ya Tutu

Anti Wailani alikuwa na mdomo, jamani! Ukimkuta kwenye pwani ya Kahalewai, huku kwetu Hawaii, anabandua kombe miambani kwa kisu chake kibutu, usithubutu kuigeuzia bahari mgongo mbele yake. Utatukanwa wewe na ukoo wako. "Bahari si mamako, haitakuonea huruma!" Mimi ni mpwa wake, ndiye aliyenilea, na maneno hayo nimeyasikia tangu sijaota meno.

Kwenye karatasi, Kahalewai hapakuwa petu. Palikuwa mali ya kampuni ya miwa. Miwa ikafa, na watu wa hoteli wakaja kupataka. Sisi tukaiomba kaunti ipanunue yenyewe, kwa lile fungu la kodi lililotengwa kuokoa pwani, ipaache kama palivyo. Mle kwenye mawe meusi ya volkano wamelala wazee wetu, na mmoja wao ni Tutu, bibi aliyemlea Anti. Mjomba Palakiko ndiye aliyeibeba mifupa yake akaificha. Desturi yetu ndiyo hiyo: aliyeficha hasemi, ila kwa mtu mmoja wa damu yake atakayeshika zamu. Na wilaya yetu ya Kaʻū nzima ilijua mtu huyo ni Anti Wailani.

Siku ya kikao cha baraza, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nje. Wakili wa hoteli, kijana mpole wa shati la maua, akamgeukia Anti.

"Anti, samahani sana. Tuonyeshe tu makaburi yalipo. Tutayazungushia uzio mzuri, hoteli tutaisogeza kando."

Nikaona madiwani wanaitikia kwa vichwa. Akionyesha, kaunti itanunua vipande viwili vitatu, pwani iliyobaki imekwenda. Akikataa, watasema hakuna kaburi lolote, tunatunga.

Binamu yangu Keoni akamnong'oneza, "Anti, onyesha hata moja, nakuomba. Tutakosa yote."

"Nyamaza wewe! Suruali yenyewe inakushinda kufunga."

Akasimama. Akamtazama yule wakili.

"Mwanangu, mama yako amezikwa wapi?"

"Mama yangu yu hai, Anti."

"Ashukuriwe Mungu. Mpigie simu leo." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Sasa nisikilize. Sionyeshi. Nikikuonyesha jiwe moja, mengine yote utayafanya maegesho ya magari. Tutu yumo mle. Mkitaka kumheshimu, heshimuni kote. Hamtaki, haya, jengeni, lakini kila mtakapochimba mjiulize kama ni yeye."

Akakaa, akaomba maji. Diwani mmoja, mama wa watu, akawa anajifuta macho kwa kiganja. Kura zikapigwa, na kaunti ikanunua Kahalewai yote, kuanzia barabarani mpaka majini. Nilipiga kelele kama mwendawazimu, Anti akanifinya paja.

Jumamosi iliyofuata tulishuka huko, mimi na yeye, tumebeba poi, ule uji mzito wa magimbi, na samaki mkavu. Alinishika mkono kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Anti, sasa hakuna wa kupachukua. Niambie mimi basi Tutu alipo, nishike zamu."

Akakaa chini juu ya jiwe. Mdomo wote ule ukamwisha.

"Sijui, mwanangu."

"Hujui nini?"

"Sijui alipo. Palakiko aliniita nije anionyeshe. Nikamwambia asubiri nipate likizo. Nilikuwa Honolulu, nafua mashuka ya hoteli. Akaanguka kwenye miwa, akafa, kabla sijapanda ndege."

Miaka yote hiyo tulimwachia siri ambayo hakuwa nayo, na yeye akaibeba peke yake.

"Kwa hiyo pale barazani..."

"Nilidanganya? Nilisema sionyeshi. Ningeonyesha nini, we mtoto?" Akacheka, halafu machozi yakamshinda. "Usingizi ulinikataa, nikiwaza watanunua kipande tu. Wanaweka uzio wao, wanapiga picha, na Tutu wangu kaachwa nje. Na mimi niko pale napiga makofi, sijui kama yumo au hayumo."

Nikamkumbatia palepale kwenye mawe, tukalia.