Mzee Asiuzwe

Nianze na ujinga wangu: niliwahi kumficha babu kabatini ili asiuzwe.

Nimekumbuka juzi, nikiwa kwenye kochi langu nisilolihama, nikiwasoma mashabiki wa timu ya besiboli ya hapa Toronto wakigombana mtandaoni kuhusu fedha za usajili zitumike vipi kabla ya msimu mpya. Mmoja alitaka mchezaji mkongwe auzwe.

Alasiri ile ya utotoni, sebule yetu ya mtaa wa Regent Park ilinukia bajia na makoti yaliyolowa theluji. Baba alikuwa akibishana na jirani yetu, Baba Neema, kuhusu timu hiyohiyo.

"Mzee auzwe," alisema Baba. "Magoti yamekwisha, na bajeti anaimaliza peke yake. Tununue kijana."

"Nani atamchukua?" aliuliza Baba Neema.

Nyumbani kwetu Mzee alikuwa mmoja tu: babu, aliyepanda ngazi ameshika magoti na kumaliza bajia peke yake. Mambo ya besiboli ningeyajulia wapi, mtu wa katuni? Nilimvuta babu chumbani, nikamsukumia kabatini. Akaingia bila ubishi, akidhani tunacheza kombolela. Nikarudi sebuleni mbio.

"Baba, usimuuze babu!" nililia.

Walicheka mpaka vikombe vikatikisika. Baba alinipakata, akanionyesha kwenye televisheni mzee wao, mwenye kofia na ndevu. Nikashusha pumzi. Babu naye akatokea, akiuliza kama bajia zimebaki.

Baba Neema alimtazama juu mpaka chini, kisha akanigeukia. "Mtoto, tulia. Huyu wako hata bure hachukuliwi."