Msomaji Bora wa Darasa la Tano

Darasa langu la tano lilisoma vizuri kuliko madarasa yote ya kata, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Mkaguzi akija, nilimsimamisha binti mmoja, mtoto wa mkulima wa pamba wa pale pale Zagayu, kijiji cha shule yetu, nikampa kitabu chochote kilichokuwa karibu. Alisoma bila kukwama. Kwenye mkato alivuta pumzi, kwenye nukta alishusha sauti, kwenye alama ya kuuliza aliipandisha. Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake huku akitabasamu, nami siku hiyo nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Kwenye ufahamu nilikuwa na ujanja wangu, na kwa ujinga wangu niliuita ualimu. Niliwaambia watoto: angalieni maneno ya swali, yatafuteni ndani ya habari, mkiyakuta nakilini sentensi nzima. Swali likiuliza nani alivuka mto, mtoto anashuka na kidole mpaka kwenye neno mto, ananakili mstari ule, anapata vema yake. Madaftari yalijaa kumi kwa kumi. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja kama anajua kilichotokea huko mtoni.

Tena Kisukuma kilikuwa marufuku shuleni. Aliyeteleza akakisema alivishwa kibao shingoni, akazunguka nacho mpaka amnase mwenzake naye akiteleza. Mimi mwenyewe ni Msukuma, nimezaliwa Somanda, nimelelewa kwa Kisukuma tangu ziwa la mama. Kibao kile nilikichonga kwa mkono wangu.

Bariadi wakati huo ilikuwa bado wilaya tu, na ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Zamani dawa ya pamba ililetwa na chama cha ushirika, na bwana shamba aliwakusanya watu ghalani, akawaeleza kwa Kisukuma namna ya kuipima, namna ya kunyunyiza, na nini kisiguswe baadaye. Wanunuzi binafsi walipoingia, kila mmoja na lori lake na mizani yake, chama kilisinyaa na bwana shamba akaadimika. Dawa ikawa inauzwa mnadani, chupa zimepangwa chini kati ya mitumba na betri za redio. Maelezo yalikuwa kwenye karatasi. Anayejua kusoma asome.

Jumatatu moja binti yangu yule hakuja shule. Jumanne hakuja. Jumatano mtoto wa jirani yao aliniambia kwamba kwa kina binti yule wameugua nyumba nzima, na bibi yake binti amebebwa kwa baiskeli hadi hospitali Bariadi. Nilidhani ni tumbo la kawaida la masika. Baada ya vipindi nilifunga kitenge juu ya gauni, nikaenda kuwapa pole.

Baba yake nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, ameshika karatasi. Nilimwamkia kwa Kisukuma, mwadila, akaitikia bila kuinua uso. Kisha akanieleza, polepole. Alhamisi alinunua dawa mnadani. Jioni aliwaita majirani, akamsimamisha binti yake mbele yao, akamwambia awasomee karatasi iliyokuja na chupa. Akasoma yote, juu mpaka chini. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akasema huyu hata ukuu wa wilaya ataupata. Ijumaa asubuhi baba akanyunyiza shamba lote. Jumapili, walipotoka kanisani, mama akaingia katikati ya matuta ya pamba, akachuma majani ya kunde yaliyopandwa humo, kama kila nyumba inavyofanya, akapikia ugali. Kabla jua halijazama walikuwa wanatapika wote. Wengine walipata nafuu. Bibi alizidiwa, hakuweza hata kuinuka.

"Nipe hiyo karatasi, baba," nilisema.

Ilikuwa Kiswahili kitupu, herufi ndogo lakini zinasomeka. Mstari wa nne kutoka chini ulisema kwamba mboga yoyote iliyomo shambani isichumwe wala kuliwa mpaka siku kumi na nne zipite. Niliurudia mara mbili.

"Na mstari huu aliusoma?"

"Amesoma yote, mwalimu. Hakuruka hata neno."

Alimwita. Binti akatoka ndani, macho yamezama, midomo imekauka. Akasema shikamoo mwalimu, nami nikampa karatasi nikamwambia asome. Mgonjwa vile, alisimama wima kama nilivyomfundisha, akasoma. Alivuta pumzi kwenye kila mkato. Mstari wa mboga aliusoma vizuri kuliko yote, kwa sauti iliyotulia, na mwisho wake akaishusha.

"Inasema nini?" nilimuuliza.

Akaanza tena kutoka juu.

"Hapana, mwanangu. Acha kusoma. Mweleze mama yako pale ndani, kwa Kisukuma, karatasi inasema nini."

Aliangalia mikono yangu kwanza, nadhani alikuwa anatafuta kibao. Alipoona sina kitu, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejitetea, "Mwalimu, hapakuwa na maswali."

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile na nimesikia mengi, lakini hakuna lililonipata kama sentensi hiyo. Nilikaa chini, kwenye vumbi, na kitenge changu kizuri. Mtoto alikuwa anasema kweli. Shuleni kwangu maana ya habari ilitafutwa pale tu yalipokuwepo maswali chini yake, na kwenye karatasi ya dawa hayakuwepo. Alifanya sawasawa na nilivyomfunza.

"Na wewe baba, hukusikia?" nilimuuliza mzazi wake. Leo naona aibu kwamba niliuliza, nikitafuta wa kugawana naye lawama.

"Mimi nilikuwa namsikiliza mwanangu," alisema. "Karatasi sikuisikiliza." Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma, "Redio ninayo, mwalimu. Inasoma vizuri kuliko huyu, na haili. Shule basi. Atabaki amsaidie mama yake."

Usiku ule sikula. Asubuhi niliingia darasani nikaandika ubaoni, bila kusema neno: Ukimaliza kusoma maneno haya, funga daftari lako, toka nje, simama karibu na mlingoti wa bendera. Nikawaambia wasome. Wakasoma wote pamoja, sauti zikapanda mpaka kwenye bati. Wakarudia mara ya pili kama tulivyozoea. Kisha wakakaa wananitazama, mikono juu ya madawati. Hakuna aliyefunga daftari. Hakuna aliyetazama mlango.

Mwalimu mkuu alipita dirishani wakati ule. Akachungulia, akausoma ubao, akasema, "Darasa hili linasoma, mwalimu, hongera," akaenda zake. Mtoto wa mbele akanyoosha mkono akaniuliza kama maswali nitayaandika upande wa pili wa ubao. Nilitoka mimi. Nilisimama karibu na mlingoti peke yangu, na wao wakaendelea kusubiri ndani kwa adabu.

Kibao nilikichoma jikoni kwangu siku hiyo hiyo. Hakikuchemsha hata chai.

Kwa yule binti sikuwa na la kujitetea, kwa hiyo sikujitetea. Nilimwomba baba yake aniachie saa moja kila jioni, pale pale nyumbani kwake, mpaka bibi atakapotoka hospitali. Baada ya hapo akitaka kumwachisha shule, amwachishe. Alikubali, labda kwa sababu alikuwa amechoka kukataa.

Tulikaa kwenye mkeka, mimi na mtoto. Nilimwambia asome mstari mmoja, mdomo umefungwa, kisha ageuze kitabu kifudifudi, anieleze kwa Kisukuma kilichotokea. Siku mbili za kwanza hakuweza hata kimoja. Midomo ilimtoroka, inasoma yenyewe. Nikiziba kitabu, analia. Msomaji bora wa kata nzima alikuwa analia mbele ya habari ya mbuzi aliyekatika kamba, nami nilitaka kulia naye, ila mwalimu akilia nani atabaki anafundisha. Baba yake alipita na jembe begani akatutazama tumekaa kimya.

"Huyo anasoma au anasali?" aliuliza.

Siku ya tano mtoto aligeuza kitabu, akafikiri, akaniambia kwa Kisukuma kwamba yule mbuzi hakupotea, alirudi mwenyewe kwa sababu alisikia kiu, na kwamba wenye mbuzi ni wajinga kumtafuta mbali. Neno wajinga halikuwamo kitabuni. Nililifurahia mno, lakini sikusema kitu, maana nilikuwa nimejifunza kuogopa furaha zangu.

Wiki ya pili bibi alirudi, amekonda, anatembea kwa kushikwa. Alikuja na vidonge vimefungwa kwenye kipande cha karatasi kilichoandikwa na muuguzi. Jamaa walijaa uani kumpokea. Baba akamchukua mwanawe kwa mkono, akampa karatasi ile mbele ya watu, vidonge akamwachia bibi kiganjani.

"Soma," alisema. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, leo ndiyo mwisho wa maneno yetu."

Binti alisimama akaitazama karatasi. Mdomo haukucheza. Majirani walisubiri sauti waliyoizoea, na sauti haikuja.

"Mbona hasomi?" baba yake aliuliza, na safari hii hasira ilikuwepo.

Niliuma ulimi. Bibi, aliyechoka kusubiri, alikuwa ameshainua kiganja chenye vidonge na shangazi mmoja alikuwa amempa kikombe cha maji. Mtoto aliinua macho, akamwona. Aliruka, akamshika bibi yake kifundo cha mkono kwa nguvu kiasi kwamba maji yalimwagika, akamuuliza kwa Kisukuma kama leo ametia chochote tumboni.

Bibi akasema hapana, tangu alfajiri, safari ilikuwa ndefu.

Binti akavitoa vidonge kiganjani kimoja kimoja, akavirudisha kwenye karatasi, akaikunja. Akasema ataleta uji kwanza.

"Nani kakwambia?" bibi aliuliza, amekasirika kama wazee wote wanavyokasirika wakinyang'anywa kitu.

"Karatasi," alisema mtoto, akaenda jikoni.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Baba yake aliutazama mlango wa jikoni, kisha akaingia ndani, akatoka na sare ya shule ya mwanawe, akaikung'uta vumbi na kuianika kwenye kamba.