Wanyama Wawili Chini ya Mti

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya sarafu ya zamani ya Bolivia: mti mmoja, na chini yake wanyama wawili wamelala, kondoo si kondoo, shingo kama ya ngamia. Nilimrudishia simu yake nikaenda kukaa uani. Wanyama wale nawajua, rafiki yangu.

Baba alikuwa mchochea moto kwenye meli ya ziwani. Mama alikuwa amekwisha kufariki, nami niliishi kwa bibi, mtaa wa Igogo, kando ya ziwa. Kabla ya safari yake ya mwisho, baba alinipa sarafu ya fedha kama ile, aliyoipata kwa mfanyabiashara wa Kisumu. Akagusa wanyama kwa kidole: "Huyu mimi, huyu wewe." Meli ilirudi, yeye hakurudi. Watu walisema ameoa hukohuko. Nikianika dagaa peke yangu, nilikuwa naongea na wale wawili.

Mwaka wa Uhuru bibi alitaka nivae bangili kwenye sherehe kama mabinti wa watu. "Fedha haikai kwenye pindo la kanga," alisema, akanipeleka kwa sonara, jirani yetu.

Sonara alipenda sarafu, na alipenda zaidi kusimulia habari zake. Nchi hiyo, alisema, ilikuwa na mlima mzima wa fedha, na wenyeji walifia mashimoni wakimchimbia mfalme wa mbali. Walipojitawala wakamwondoa mfalme kwenye sarafu, wakaweka mti na wanyama wao. Akaisugua yangu kwenye jiwe, akacheka.

"Bibi, hii ni ya baadaye, serikali yao ilipoanza kuchanganya shaba. Bangili itatoka hafifu." Kisha akanigeukia. "Binti, niyeyushe?"

Bibi alinitazama. Sisi hatukulelewa kumpinga mkubwa mbele ya watu.

"Ndiyo, babu," nikasema. Nililia baadaye, nyuma ya jiko.

Siku ya sherehe ngoma zililia mji mzima, nami nilikuwa naigeuza bangili mkononi, nikiwatafuta wale wawili.

Sonara hayupo tena. Palipokuwa na mvukuto wake wanauza vocha. Bibi naye alitangulia. Baba alirudi nikiwa na watoto wangu, amekwisha kuzeeka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama sarafu ninayo.

Nikampa bangili, nikamwambia ndiyo hiyo. Akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Tuko wapi?" akasema.