Kuzima kwa Mchanga

Moshi wa korosho za jirani umepenya dirishani na kunirudisha uani kwa bibi, Ruangwa. Nilikuwa nakaanga korosho kwenye bati huku nikikariri maana za "put out". Kesho mwalimu wa Kiingereza angeuliza, na fimbo yake haikuwa na huruma. Ghafla mafuta ya maganda yakalipuka moto. Nikakimbilia ndoo.

"Wewe, si maji! Mchanga!" bibi alipiga kelele, akiufukia moto kwa mikono miwili.

Kesho yake mwalimu akanisimamisha darasani. Yote niliyokariri yalikuwa yamenitoka.

"Put out?"

"Kuzima," nikajibu. "Kwa mchanga."

Mwalimu aliyatazama masizi kwenye kucha zangu, akaiweka fimbo mezani.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi."

"Mwambie kapata."