Nilivyopelekwa Kiwanja cha Ndege Nikiwa Maiti

Chekeni tu, jamani, maana hata mkinyamaza najua mnacheka moyoni. Tabora hii kila mtu mzima anajua kwa nini mimi Kondo, fundi cherehani wa Kanyenye, naitwa Marehemu na huku nakula ugali kama ninyi, na aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe kwa mdomo wangu huu huu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi kijana wa Kizaramo niliyekuja na treni kutafuta riziki, na nilikuwa nimempenda Mwajuma wa Mtendeni mpaka nikawa nashona suruali za watu mguu mmoja mrefu. Baba yake alikwisha fariki, kwa hiyo walii wake, mwenye haki ya kumwoza, alikuwa baba yake mdogo, mpishi wa mzungu mmoja mkubwa, akisafiri naye kila aendako. Shangazi yake Mwajuma hakutaka hata kusikia jina langu (alimtaka mwenye duka la baiskeli, mtu na kitambi chake). Basi zikaja habari kwamba baba mdogo anapita na bwana wake kwa ndege kwenda Mwanza, ndege itatua Tabora kujaza mafuta, naye anasema: huyo kijana aje kiwanjani nimwone kwa macho yangu, nimpe jibu la posa yake pale pale. Nikikosa kufika, neno la mwisho analo shangazi.

Mbona sikulala! Asubuhi nikavaa kanzu niliyoishona mwenyewe, nikachukua bafta nyeupe jora zima kama zawadi, nikaenda kiwanja cha zamani, roho inaruka kuliko hiyo ndege. Nafika, namkuta mlinzi peke yake, kiwanja kimechimbuliwa chote.

"Hapa panatengenezwa," akaniambia. "Siku hizi zinatua kiwanja kipya, upande wa pili wa mji. Chukua baiskeli yangu, kanyaga, utawahi."

Hapo ndipo ningesema ahsante nikapanda. Lakini nikaiangalia ile baiskeli, mnyororo unachuruzika mafuta, nikaiangalia kanzu yangu, nikasema moyoni, nitamfikiaje mkwe na jasho na grisi? Na wakati huo huo wanapita Wanyamwezi wanne na machila tupu begani, wametoka kumpeleka mgonjwa wao hospitali. Nikaona huo ndio usafiri wa mtu mwenye heshima zake.

"Enyi Wanyamwezi!" nikaita. "Nibebeni mpaka kiwanja kipya! Babu zenu si ndio waliokuwa wakibeba mizigo ya babu zangu mpaka pwani?"

Mkubwa wao, Mihayo, akasimama, akacheka polepole. "Kumbe Mzaramo! Mtani wetu! Panda, mtani, panda ulale kabisa."

Kile kicheko kilitosha kunikimbiza, lakini mwenye haraka haoni. Nikapanda, nikajinyoosha, na kwa kuwa vumbi la Tabora mnalijua, nikakunjua ile bafta nikajifunika gubigubi, kuanzia kichwani mpaka vidoleni. (Bafta, jamani! Nguo ya sanda! Fundi mzima!)

Tulipoingia mtaa wa Isevya nikamsikia Mihayo anaangua kilio: "Oyoo! Mtani wetu Mzaramo! Amekufa na deni la kutubeba!" Wenzake wakaitikia. Mimi ndani nacheka, maana mtani hajibiwi kwa hasira, nikajikaza nisitikisike ili utani unoge. Mtu mmoja akauliza, "Mnampeleka wapi?" Mihayo akajibu bila kumeza mate, "Kiwanja cha ndege, ndugu zake wanamtaka pwani leo leo!"

Lahaula! Nani alikuwa amewahi kuona maiti inaruka? Mji ukamwagika. Wazee wa Kiislamu wakaja kupokezana mti wa machila wapate thawabu, wakaanza kuleta kalima, "La ilaha illa llah," kicheko kikanikauka kooni. Nikitaka kuinuka naona nitakuwa nimeichezea dini mbele ya wazee wangu. Na tena, niseme kweli, mwendo wao ulikuwa mkali kushinda baiskeli yoyote, nikajiambia, tulia Kondo, acha wakufikishe, ukifika utajua la kufanya.

Tukapita Mtendeni. Nikasikia watu wanaambizana, "Mzaramo gani mwingine? Ni Kondo, yule fundi!" Halafu ikaja sauti ninayoijua, Mwajuma, mtoto wa kike asiyetoka nje bila ruhusa, anatufuata mbio: "Kondo wangu! Mume wangu! Mnamchukua bila mimi kumuaga!" Mume, na posa haijajibiwa! Machozi yakanitoka chini ya bafta, nikaona haya na raha pamoja, sijui ipi ilizidi.

Kiwanjani ndege ipo, inajazwa mafuta kwa madebe. Wakanitua. Mwajuma akaniangukia kifuani analia, na hapo uvumilivu ukanishinda, nikakaa kitako.

"Mwajuma, mimi mzima!"

Ee bwana wee! Waliokimbilia porini walikimbilia porini, viatu vikabaki vyenyewe, rubani wa kizungu nikamwona yuko juu ya bawa, kapandaje sijui. Mihayo na wenzake chini wanagaagaa: "Mtani kafufuka!" Waliosimama ni Mwajuma, aliyenizaba kofi la haja, na mzee mmoja mwenye sare nyeupe ya upishi.

"Shikamoo, baba," nikasema, vumbi tele mdomoni.

"Marahaba, marehemu."

Watu waliorudi wakaangua kicheko, na jina likaninasa pale pale.

Mzee akamtazama mtoto wa kaka yake, ushungi umeanguka, macho yamevimba. "Nilikuja na jibu la hapana," akasema. "Lakini mwanangu amekwisha kukulilia mume mbele ya mji mzima. Sasa nani ataoa mjane? Mwoe wewe." Nikampa zawadi yangu, ile ile bafta, kwa mikono miwili, akairudisha. "Kaa nayo. Itakufaa mbele ya safari." Akapanda ndege, akaenda zake.

Siku ya nikaha nikamkuta Mihayo mlangoni na dumu la asali na machila yake. "Bwana harusi, panda!" Nikaazima baiskeli ya yule mlinzi, mnyororo ukaitafuna kanzu mpaka magotini, nikaoa hivyo hivyo. Machila nimebakiza kuipanda mara moja tu maishani, na siku hiyo, ndugu zangu, nawaomba mnifunue uso kwanza mhakikishe.